Rubani wetu aligoma kuokolewa

Nafundisha Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari hapa Mbale, Uganda. Kila muhula kazi yangu ya kwanza huwa ni kuwatoa watoto wazo walilorithi nyumbani, kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kiwe somo la lazima, lakini wazo hilo halikusikia tangazo. Mwaka jana nikachoka kubishana. Mnataka Kiswahili cha askari? Haya, karibuni.

Chanzo kilikuwa swali. Kwenye klabu yetu ya Ijumaa, mvulana ambaye baba yake ni mwanajeshi aliuliza, "Mwalimu, rubani wa ndege ya kivita akipigwa kombora, akafyatuka na kiti, akaangukia kwa adui, nani anamfuata?" Nikasema anafuatwa na helikopta. "Wanajuaje alipo? Na wanajuaje ni yeye?" Nikamwambia nitamjibu Ijumaa ijayo, jibu ambalo walimu wote mnalijua.

Nikasoma usiku kadhaa. Nilidhani mambo yote yako kwenye kile kiti, kile kinachorushwa kwa roketi na kinachoweza kumvunja mtu uti wa mgongo huku kikimwokoa. Kumbe kiti ni sekunde chache tu. Shida inaanza miguu ikigusa ardhi. Mmarekani Scott O'Grady, ambaye F-16 yake iliangushwa Bosnia tarehe 2 Juni 1995, alijificha siku 6 akila majani na sisimizi na kukinga maji ya mvua. Redio alikuwa nayo, ila aliiwasha kwa kubana sana, maana anayekutafuta kwa wema na anayekutafuta kwa ubaya wote wana masikio. Mwenzake wa kikosi alipomsikia hatimaye, hakufurahi kwanza. Alimuuliza habari za kikosi alichowahi kutumikia Korea. Alipojibu sawasawa, ndipo helikopta za wanamaji zikatoka melini kumchukua.

Kisa kilichonikalia kichwani zaidi ni cha Vietnam, Aprili 1972. Mwanajeshi wa anga Mmarekani, Iceal Hambleton, ndege yake iliangushwa, akakaa siku 11 na zaidi katikati ya jeshi la adui. Helikopta moja iliyomfuata iliangushwa, wote 6 waliokuwamo wakafa. Ikabidi atembee mwenyewe usiku hadi mtoni, lakini utamwelekezaje mtu kwa redio ambayo adui anaisikiliza? Hambleton alikuwa mpenzi wa gofu. Wakamtajia mashimo ya viwanja anavyovijua. Kila shimo yeye anajua linaelekea upande gani na lina urefu gani, basi anatembea hivyo hivyo. Mtoni alipokewa na Mmarekani Thomas Norris na Mvietnam Nguyen Van Kiet, wakamlaza ndani ya mtumbwi na kumfunika majani.

Ijumaa nikawasimulia. Walinyamaza mpaka mwisho, jambo ambalo ngeli za nomino hazijawahi kunipatia. Tukakubaliana tuufanye mchezo: mmoja awe rubani, wengine waokoaji, wengine adui.

Mkuu wa shule aliruhusu kwa sharti mtu mzima mwingine awepo. Nikamwomba mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyekuwa upande wa mawasiliano, sote tunamwita Afande. Redio 3 za mkononi niliazima kwa rafiki yangu anayesimamia harusi. Mahali tulipata kwenye miteremko chini ya ukingo wa Wanale: mikahawa, migomba, vichaka, na kijito katikati. Timu ya adui ilipewa redio moja kwenye chaneli ileile. Jina la rubani hewani lilikuwa Korongo, kwa heshima ya ndege wa bendera yetu.

Sheria moja ilizua kelele. Nilisema rubani asiguswe mpaka amalize hatua 100 za kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva ya mwaka 1977, kifungu cha 42: anayeshuka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege iliyoharibika hashambuliwi akiwa angani, na akifika chini apewe nafasi ya kujisalimisha. "Na wakimpiga?" Nikawaambia wapo waliopigwa. Mwaka 2015 rubani Mrusi wa Su-24 iliyoangushwa na Uturuki aliuawa angali kwenye mwavuli, na askari mwingine akafa katika kazi ya kumtafuta mwenzake, ambaye aliokolewa. Watoto wakaiacha sheria ibaki.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa aibu. Korongo wetu, mvulana mwenye maneno mengi, alikamatwa baada ya dakika 11. Alikuwa anatangaza kama mpira: "Niko karibu na mti mkubwa, naona ng'ombe wawili, mmoja mweusi!" Afande alicheka hadi akakaa chini. Akatupa ushauri ambao nimeubandika ukutani darasani: redio haina rafiki. Washa kwa saa mliyopatana, sema kidogo, zima, hama. Afande pia alitukumbusha kwamba hata bila adui mambo ni magumu. Agosti 2012 helikopta zetu 3 za Mi-24 zilizokuwa njiani kwenda Somalia zilianguka Mlima Kenya; ukungu na msitu vilitosha kuwa adui. Hapo alinyamaza, nami sikumchimba.

Jumamosi ya pili adui walimpata Korongo kimyakimya, wakachukua redio, na msichana wao mmoja akaiga sauti yake kwa Kiswahili safi kabisa: "Njooni haraka, nimeumia mguu." Waokoaji wote 8 wakatumbukia mtegoni. Niliudhika kama mkuu wa uokoaji na kufurahi kama mwalimu, maana huyo msichana muhula uliopita alikuwa hawezi kuunganisha sentensi.

Basi tukafanya kama marubani wa kweli wanavyofanya kabla ya kuruka: kujaza fomu ya siri yenye mambo wanayoyajua wao tu, ili waokoaji wawe na cha kuuliza. Maswali ya kwanza yalikuwa ovyo. Jina la shule yako ya msingi? Kijiji kizima kinajua. Mwisho Korongo wa Jumamosi ya tatu, binti mpole wa kidato cha pili, aliandika swali lake na jibu, akaziba bahasha, akampa Afande. Binamu yake, aliyekuwa upande wa waokoaji, alilijua jibu bila bahasha.

Siku hiyo nilishuhudia kitu kizuri. Saa 5 kamili redio ikakwaruza: "Korongo. Toka kwenye daraja, kama unatoka jikoni kwa bibi kwenda bombani, mara tatu. Halafu kama umetumwa sukari." Kimya. Adui wakatazamana. Binamu akafumba macho, akageuza mwili kidogo kushoto, akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya kijito. Gofu ya Hambleton hiyo, jikoni kwa bibi.

Mvua ikatukatiza. Mvua ya Wanale haibishi hodi. Nikaahirisha mchezo, timu zote zikarudi kwenye mabati ya kanisa, na hapo nikakumbuka kwamba Korongo amezima redio mpaka saa 5 na nusu. Saa 5 na nusu ikafika. Redio haikutoa hata mkwaruzo. Nadhani maji yalikuwa yameingia. Mimi ndiye niliyemtuma mtoto wa watu porini, na tumbo langu lilijua hivyo.

Tulikwenda mimi na binamu, na kipaza sauti cha mkononi. Hatua zake mwenyewe ndizo zilizotufikisha. Nikaita: mchezo umekwisha, toka, mimi ni mwalimu. Hakuna. Nikaita tena kwa jina lake. Kichaka cha ng'ambo kikajibu kwa sauti ya kutetemeka kwa baridi:

"Simama hapo! Siku ya mvua, nini kilianguka kwenye chai?"

Sikujua. Bahasha ilikuwa kwa Afande, bondeni. Nikamsihi, nikatishia kupunguza alama. "Hata adui angesema hivyo, Mwalimu!"

Binamu akaninyang'anya kipaza sauti, maana mvua ilikuwa inameza maneno, akakipandisha hadi mwisho na kupiga kelele: "Kandambili ya babu! Na bibi akainywa!"

Kichaka kikafunguka. Akatoka amelowa chapachapa, majani kichwani, redio kifuani kama kifaranga, akauliza kama wameshinda.

Nyumba ya bibi yao iko chini tu ya mteremko ule. Jumatatu asubuhi alikuwa ananingoja getini.