Nilivyobadilisha safuwima ya simu bila kupoteza rekodi

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nilipounda jedwali la wateja niliipa safuwima ya simu aina ya bigint, yaani namba nzima ya hesabu, kana kwamba kuna siku mtu atajumlisha namba za simu. Baadaye, nikipitia rekodi, nikaona sifuri za mbele zote zimeliwa.

Kabla ya hapo muundo ukibadilika nilikuwa nafuta hifadhidata yote na kuiunda upya. Safari hii haikuwezekana: wenzangu walikuwa wameshaingiza rekodi kama 400 kwa mkono wakijaribu programu. Nani angewaambia waanze tena?

Nikachukua nakala kwa pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL (mfumo ninaoutumia), nikairejesha kwenye hifadhidata ya pembeni. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha bado ni matumaini tu. Majaribio yote niliyafanyia huko.

Najua ALTER COLUMN yenye USING, amri ya kugeuza aina ya safuwima ileile, ingemaliza kazi kwa mstari mmoja. Mimi nilitaka ya zamani na mpya zikae sambamba nizilinganishe, kwa hiyo nikaongeza simu_mpya, aina ya text (maandishi), yenye sharti la NOT NULL, yaani isiachwe tupu. PostgreSQL ikakataa papo hapo: rekodi zilizopo zingeweka nini pale? Nikaondoa hilo sharti kwa muda, nikaandika UPDATE ya kubandika '0' mbele ya kila namba.

Bahati nzuri nilitazama kwanza kwa SELECT. Baadhi ya watu walikuwa wameanza na msimbo wa nchi, na sifuri ingeziharibu namba zao. Nikazigeuza kuwa text, nikazigawa kwa length(), inayohesabu urefu: zenye tarakimu 9 zikapata sifuri, zenye 12 zikapata alama ya kujumlisha. Zikabaki tatu zisizoeleweka, nikawauliza walioziingiza.

Hapo ndipo nikarudisha NOT NULL, nikaiita ya zamani simu_zamani, na mpya ikawa simu. Yote ndani ya BEGIN na COMMIT, yaani zipite zote au isipite hata moja, maana PostgreSQL inakubali kurudisha nyuma hata ALTER TABLE, amri ya kubadili muundo wa jedwali. Kwenye MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, kila amri ya namna hiyo hujithibitisha yenyewe, huwezi kuirudisha nyuma.

Kesho yake usajili ukagoma. Nilihangaika karibu saa nzima kabla ya kukumbuka kuwa simu_zamani nayo ilikuwa NOT NULL, na programu haiijazi tena. Nikaiondolea sharti, usajili ukapita. Wiki moja baadaye nikaifuta kabisa.