Kifutu kwenye matembele

Jamani jana jioni nyuma ya nyumba hapa Moro nilikuwa napalilia matembele, nikataka kuondoa majani makavu ya mgomba yaliyorundikana pembeni, sasa mi huwa sishiki rundo kwa mkono kabla sijalichokoa na mpini wa reki, nikachokoa hivi nikasikia fyuuuu kama tairi linatoa upepo. Nyoka kifutu! Mnene, mfupi, rangi ile ile ya majani, yaani unamkanyaga hujamwona. Na huyu hakimbii, anatulia tu anategemea humuoni, ndo maana anagonga sana watu.

Mama mkwe yupo na kandambili eti anakuja kuangalia, nikamwambia mama shikamoo ila baki hukohuko 😂 Gambuti zangu wanazicheka kila siku eti naenda mgodini, haya.

Na nyie mnaosema ukigongwa chanja na wembe au funga kamba ikaze, hapana, mguu unaweza kuoza kabisa. Tulia, usiutikise, vua viatu na pete, hospitali moja kwa moja.

Leo nahamisha rundo lote, mboji inakaa mbali na mlango wa jiko.