Kumtafuta Henoko Kando ya Ziwa Tana

Kila baada ya miezi kadhaa sauti ileile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kuna kitabu cha Biblia kilichofichwa, maaskofu walikitoa kule Nikea mwaka 325, kimefungiwa Roma hadi leo. Kitabu chenyewe ni cha Henoko. Mtaguso wa Nikea ulikuwa na ugomvi wake mkubwa kuhusu Mwana na Baba, na orodha ya vitabu vya Biblia haikuwa kesi yake. Lakini ukimwambia hivyo mtu aliyekwisha kusambaza sauti, utaonekana nawe umetumwa. Nikapanda ndege kwenda Ethiopia, nchi ambayo Henoko ni sehemu ya Biblia na hakuna aliyewahi kumficha.

Safari ilianzia Bahir Dar, kusini mwa Ziwa Tana. Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna raha moja huko ambayo Mzungu haipati: saa zao ni zetu. Nahodha wa boti aliponiambia tuondoke saa mbili alikuwa na maana ya saa mbili, jua likiwa limeshapanda kidogo. Kijana wa Kijerumani tuliyepangwa naye alirudi hotelini kulala, akidhani ni saa nane mchana.

Kisiwa cha kwanza tulichokikuta ni Kebran, chenye monasteri ya Mtakatifu Gabrieli. Wataalamu wa maandiko wanakijua vizuri, kwa sababu maktaba yake ina nakala ya Henoko ya karne ya 15, mojawapo ya nakala kongwe kabisa za kitabu hicho katika Geʼez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia. Kijana aliyetuongoza akanitazama, akamtazama nahodha, kisha akasema kwa upole, "Dada, wewe utatusubiri kwenye boti." Wanawake hawashuki Kebran. Wenzangu wakapanda kilima, nami nikabaki na nahodha tukitafuna kolo, shayiri ya kukaanga. Asubuhi ile nilikuwa nimepaka wanja. Katika sura ya 8 ya Henoko, malaika mwasi Azazeli anawafundisha wanadamu kufua panga, visu na ngao, kisha papo hapo vikuku, mapambo na kupaka wanja machoni. Panga na wanja kwenye kapu moja! Ilibidi nicheke peke yangu, nahodha akaniuliza kulikoni, na sikujua nianzie wapi.

Ningeanzia kwenye kitabu cha Mwanzo. Pale Henoko amepewa mistari michache tu: alimzaa Methusela, akaenda pamoja na Mungu, naye akatoweka, maana Mungu alimtwaa. Alipelekwa wapi? Alionyeshwa nini? Mwanzo haisemi. Wayahudi wa karne za mwisho kabla ya Kristo, waliotawaliwa na wafalme wa Kiyunani, wakaliingia pengo hilo na kulijaza. Waliandika kwa Kiaramu, si mtu mmoja wala kizazi kimoja, na maandishi yao yakaja kushonwa pamoja. Malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni, wanaapizana, wanaoa mabinti wa watu. Wanazaliwa majitu ambayo maandiko ya Geʼez yanasema urefu wao ulikuwa dhiraa 3,000. Majitu yanamaliza chakula, yanageukia watu. Dunia inalia, Azazeli anafungwa na kutupwa jangwani, gharika inakuja. Henoko anatembezwa mbinguni na mwisho wa dunia, akiona mahali roho za wafu zinapongojea hukumu. Wanaomfahamu Nabii Idrisa wa Kurani, aliyeinuliwa daraja ya juu, watakumbuka kwamba wafasiri wengi wa Kiislamu wanasema ndiye huyuhuyu.

Mchana tulifika rasi ya Zege. Njia ya kwenda Ura Kidane Mehret inapita kwenye msitu wa mikahawa, watoto wanakuuzia vibao vya picha na misalaba. Kanisa ni la mviringo, na ndani yake kuna chumba cha mraba ambacho ni makuhani tu wanaokiingia, kuta zake zimejaa picha toka chini hadi juu. Hapa wanawake tunaruhusiwa, viatu nje.

Mtawa mzee aliyekaa na hazina za kanisa alitufungulia kitabu kimoja cha ngozi. Nilipewa nafasi ya kukisogelea. Ngozi ya mbuzi hainyooki kabisa hata ikwanguliwe vipi. Ukurasa unajikunja kama jani linaloanza kukauka, na upande uliokuwa na manyoya unaonyesha vitobo vidogovidogo vya vinyweleo. Wino mweusi hutengenezwa kwa masizi. Mwekundu ni wa majina matakatifu na mianzo ya sehemu, kwa hiyo hata nisiyejua herufi moja ya Geʼez niliweza kuona Mungu anatajwa wapi. Kitabu kikifungwa kinaingia kwenye mfuko wa ngozi wenye mkanda, kinatundikwa kwenye kigingi cha ukutani.

"Abba," nikamwuliza kupitia kwa kijana wetu, "na Henoko je?"

Nilitarajia kuambiwa haonyeshwi. Mzee akamwita shemasi mmoja aliyekuwa akikariri nje kivulini, naye akatoa kwenye shuka lake kitabu cha kuchapwa mashineni, Geʼez na Kiamhara, kimefunikwa plastiki ya buluu kama daftari la shule na pembe zimeliwa. Hicho ndicho kile kilichofungiwa. Shemasi akaniuliza kwetu tuna vitabu vingapi kwenye Biblia. Nikamwambia 66 kwa sisi Waanglikana, Wakatoliki 73. Wao wana 81. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

Huruma yake ilinirudisha kwenye Yuda, waraka mfupi ambao hata sisi wa 66 tunao. Mstari wa 14 unamtaja "Henoko, mtu wa saba baada ya Adamu" na kunukuu unabii wake kuhusu Bwana kuja na watakatifu wake. Maneno hayo yamo mwanzoni mwa kitabu cha Henoko. Yaani tumebaki na nukuu, kitabu tukakiacha. Kiliachwaje? Polepole, na mbele ya watu. Marabi walishakipa kisogo. Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo, alikitetea mwanzoni mwa karne ya 3, akajibu hata swali la kilivukaje gharika: Nuhu alikuwa mjukuu wa Methusela, angeweza kuyakumbuka ya babu zake. Augustino, miaka 200 baadaye, alisema umri mkubwa hivyo wa kitabu ndio unaotia shaka. Nakala za Kiyunani zikaacha kuandikwa, nyingi zikapotea. Waethiopia walikuwa wameshakitafsiri kwa Geʼez katika karne za mwanzo za Ukristo wao, na hawakuona sababu ya kuacha kukinakili. Hakuna lugha nyingine iliyokihifadhi kizima.

Gondar iko kilomita kama 180 kaskazini ya Bahir Dar, na basi dogo lilijaa kuku na magunia ya vitunguu. Ndiko msafiri Mskoti James Bruce alikofika mwaka 1770, na aliporudi Ulaya mwaka 1773 alikuwa na nakala tatu za Henoko kwenye mizigo. Hata hivyo tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1821 tu, kazi ya Richard Laurence wa Oxford. Ukitaka kisa cha kitabu kukaa kabatini, ni hiki, na kabati lilikuwa la Ulaya.

Dari la kanisa la Debre Berhan Selassie limejaa nyuso za makerubi, safu kwa safu, mabawa chini ya kidevu, macho makubwa meusi yasiyofumba. Kila mgeni hupiga picha hapo. Mimi nilikaa zaidi mbele ya Utatu uliochorwa juu ya mlango wa patakatifu: wazee watatu wanaofanana, nywele nyeupe. Katika sura ya 46 Henoko anamwona mmoja ambaye kichwa chake ni cheupe kama sufu, na pamoja naye mwingine mwenye sura ya mwanadamu, Mwana wa Adamu, atakayewang'oa wafalme kwenye viti vyao. Danieli 7 inasikika humo, na msomaji wa Injili hushtuka. Mwaka 1952, pango la 4 la Qumran karibu na Bahari ya Chumvi lilitoa vipande vya Henoko kwa Kiaramu, vingine vya zaidi ya karne moja kabla ya Kristo. Sehemu hii ya Mwana wa Adamu, sura ya 37 hadi 71, haikuwamo hata kipande. Wasomi wanabishana mpaka leo iliandikwa lini. Nani mwingine ameitunza? Hawahawa wenye plastiki ya buluu.

Addis Ababa nilinunua nakala yangu kwenye duka la vitabu vya kanisa, kati ya ubani na picha za Mariamu, kwa bei ya chakula cha mchana. Mwenye duka akaniuliza kama nataka na kitabu cha Ezra Sutueli. Hicho nacho cha Wayahudi, cha miaka ya baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70. Mwishoni mwake Ezra anawasomea waandishi watano vitabu 94 kwa siku 40, kisha anaamriwa: 24 vitoe hadharani, wastahili na wasiostahili wavisome, 70 viweke kwa ajili ya wenye hekima. Kumbe habari ya vitabu vilivyofichwa ni ya zamani hivyo, na walioianzisha ni waandishi wenyewe. Kilikuwa rafu ya chini, nikalipia vyote viwili.