Walipokwisha Kula

Somo: Yohana 21:1–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Swali la Bwana kwa Petro, "wanipenda?", tumelihubiri sana, hata kwaya zimeliimba. Ila kabla ya swali hilo Yohana ameandika: "Basi walipokwisha kula." Hapo huwa tunapita haraka.

Mimi nilisimama hapo nikiwa Tiberia, Israeli, safari ya hija, katika mgahawa ulio kando ya Bahari ya Galilaya. Ilikuwa jioni na joto halijaondoka. Mji ule uko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, na sisi wa Dodoma tuliozoea upepo wa mita 1,100 juu tulitoka jasho tukiwa tumekaa tu. Ng'ambo, taa zilianza kuwaka kwenye miinuko ya Golani. Mhudumu akaleta "samaki wa Petro", wanavyomwita huko, mzima na kichwa chake, amekaangwa, ndimu pembeni. Mama mmoja wa kundi letu akamgeuza, akamkagua, akasema, "Jamani, si perege huyu?"

Na kweli ni ndugu yake perege wa bwawa la Mtera. Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, na samaki yule ni wa jamii hiyohiyo. Tulicheka: tumepanda ndege kumfuata perege! Jina lake hunasibishwa na yule samaki wa Mathayo 17 aliyekutwa na shekeli mdomoni. Wa kwetu hakuwa na kitu, na shekeli za bili tulizitoa mifukoni.

Lakini bili ilikuja mwisho. Kwanza tulilishwa.

Sasa mtazameni Petro. Moto wa makaa alioota mara ya mwisho tunayosimuliwa na Yohana ulikuwa uani kwa Kuhani Mkuu. Pale alihojiwa, akamkana Bwana. Huku kwenye Bahari ya Galilaya anatoka majini amelowa, usiku kucha hawakupata kitu, anakuta moto mwingine wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Samaki hao si wale 153 wa kwenye wavu. Bwana alikuwa amekwisha kupika kabla wavu haujavutwa pwani. "Njoni mfungue kinywa," anasema, naye mwenyewe anawagawia. Petro akala mkononi mwa yule aliyemkana, akashiba. Ndipo akaulizwa.

Wazee wetu Ugogoni hawangeshangaa. Mgeni akifika hupewa maji, halafu ugali na mlenda. Shida iliyomleta itasikilizwa akishakula. Kanisani ndiko tumegeuza. Binti akipata mimba nje ya ndoa, baba akirudia pombe, sisi tunaanza na kikao. Anahojiwa, anaandikwa, anahamia benchi la nyuma, na Meza ya Bwana anaitazama kwa mbali. Wengine huondoka moja kwa moja, nasi tunasema "amerudi nyuma", kana kwamba hatukuwepo.

Sisemi nidhamu ifutwe. Petro aliulizwa, tena mara tatu, hata akahuzunika. Nasema aliulizwa akiwa ameshiba, tena na mtu aliyempikia.

Wiki hii, kabla ya kikao chochote, tuwakumbuke waliotoka kwetu kwa namna hiyo. Nyumba zao tunazijua. Perege wanapatikana soko la Majengo.