Mafuta ya nazi yameganda, na Mfini naye anatetemeka

Chupa ya mafuta ya nazi niliyotoka nayo Tanga iliganda siku ya pili tu toka nifike Mbeya. Sisemi yalikuwa mazito, nasema yaliganda, unaipindua chupa kichwa chini unaipigapiga matako hamna kitu kinatoka, meupe pee kama mshumaa. Mi nimezaliwa Ngamiani nikakulia Ngamiani, maisha yangu yote mafuta ya nazi ni maji, unamimina kiganjani unapaka unaenda zako. Nikampigia mama, nikamwambia mama yule bibi wa mafuta safari hii katuuzia feki. Mama alikasirika kwelikweli. Akasema yule bibi namjua kabla sijakuzaa wewe, sema we mwenyewe umeyafanya nini mafuta ya watu.

Sikuyafanya kitu jamani. Mafuta ya nazi yakifika nyuzi 24 kushuka chini yanaanza kuganda, na chumbani kwangu hiyo 24 sijaionea hata mchana.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa Juni, nimehamishwa kikazi, na watu wote niliowauliza kabla ya kuja walinijibu jibu moja, "Mbeya kuna kabaridi." Kabaridi! Hako ka- ndo kamenimaliza. Nikabeba shati moja la mikono mirefu nikajiona nimejipanga.

Dalili nilianza kuziona kwenye basi ila sikuzielewa. Tumetoka Dar alfajiri, Mikumi madirisha wazi, Ruaha Mbuyuni jua linachoma mpaka kiti kinanata mgongoni, tukapanda Kitonga, tukapita Ilula na vitunguu vyake, Iringa hiyo. Kufika Mafinga watu wanafunga madirisha mmoja mmoja bila kuambizana. Makambako sasa, ule upepo wa pale, nikaona basi zima linainuka linashusha mabegi, kila mtu anatoa jaketi, mpaka mtoto mchanga ana kofia ya sufu, mi niko na shati la mikono mifupi na ndala. Dada niliyekaa naye akaniangalia kuanzia juu mpaka chini akasema "pole kaka," kwa sauti ile ya kumpa pole mfiwa. Usiku tumeshuka Mbeya, dereva bajaji kavaa koti refu la kufika magotini, glavu, marvini imeshuka mpaka kwenye nyusi, yanaonekana macho tu. Nikasema huyu ataniibia. Kumbe ni baridi tu bana, kijana wa watu mstaarabu, njiani akanipa na mfuko wa sandarusi nijifunge kifuani upepo usipite.

Sasa wiki hiyohiyo niliyofika mimi, ofisini akaja Mfini mmoja, yaani mtu wa Finland, kwenye mradi wa maji. Tukapangishwa uwani kwa mama mmoja huku mtaa wa Forest, mlango kwa mlango. Ofisi nzima ilikuwa inanionea huruma mimi tu, eti mtoto wa pwani atapata shida, yule mwenzako wa barafuni atakuwa anakaa kifua wazi. Na mwenyewe alikuja kwa mawazo hayohayo, begi lake lilikuwa na kaptula, mafuta ya kuzuia jua na chandarua. Alishasoma kwamba Tanzania ni tropiki, na kweli ni tropiki, Mbeya iko nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, kwao Helsinki ni nyuzi 60 kaskazini, sasa ungekuwa wewe ungebeba sweta?

Siku ya tatu kaja ofisini kajifunga shuka la Kimasai.

Nilicheka sana, nakiri, afu nikamuuliza, wewe si mtu wa theluji? Ana Kiswahili cha kwenda taratibu, neno analitafuta kwanza afu ndo analitoa, akaniambia: "Kwetu baridi inakaa nje. Hapa baridi imepanga chumba."

Aisee hiyo kauli mpaka leo naitembeza. Akanieleza kwamba kwao Januari nje inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini ndani nyuzi 21, wanatembea na fulana, baridi wanaikuta wakitoka kwenye gari kwenda mlangoni. Alikuwa na kipimajoto kidogo, akakitundika sebuleni kwake. Asubuhi saa kumi na mbili kinasoma 12. Ndani, siyo nje! Yaani huyu jamaa anasema hajawahi kuamka kwenye baridi ya namna hiyo labda akiwa kapiga kambi porini.

Nikaanza kuiangalia nyumba yetu kwa jicho lingine. Juu ya kila dirisha kuna matofali ya matundu, upepo unaingia unavyotaka. Chini ya mlango panapita kidole. Sakafu saruji tupu, koridoni hamna dari ni bati moja kwa moja. Hii nyumba naijua, hii ndo nyumba yetu ya Tanga! Ramani ileile, imejengwa ili hewa ipite, na pwani bila hivyo unakufa na joto, sasa mtu kaichukua kaja kuisimika mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Zile nyumba za zamani za Uzunguni waliziwekea dohani za kuwashia moto sebuleni, sisi tuliokuja nyuma tukaona urembo.

Na hesabu yenyewe haina uchawi. Ukipanda kilomita moja kwenda juu unapoteza kama nyuzi 6, kwa hiyo Mbeya na Tanga zimeachana nyuzi kumi kabla msimu haujasema neno. Afu Juni mpaka Agosti ni kipupwe, upepo wa kusi unaleta hewa kavu ya baridi, mawingu hamna, usiku anga jeupe nyota zote unaziona na joto lote la mchana linaondoka juu huko kwa kukosa wingu la kulifunika. Alfajiri nyingine nje inashuka mpaka 6, 5. Mama mwenye nyumba anasema mwaka huu imezidi. Yeye aliolewa hapa wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA, miaka ya 1970 mwanzoni, nikajua huyu ndo shahidi, hadi mwanae akaninong'oneza, "kaka usimsikilize, mama kila mwaka anasema imezidi."

Ya kuoga naomba nisiulizwe.

Ila ya jiko ntaisema japo ni aibu. Wiki ya kwanza, usiku, blanketi mbili, soksi mbili, na bado miguu kama ya maiti, nikaona hapana, nikachukua jiko la mkaa lililobaki na moto nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango, na yale matundu ya juu nikayaziba na magazeti, najiona fundi. Joto likaja, raha. Nikalala. Ninachokumbuka ni kichwa kinagonga kama ngoma na mlango unagongwa vilevile, sijui kipi ni kipi, kuinuka miguu haina nguvu. Mama mwenye nyumba alitoka nje akahesabu majiko yake akaona moja halipo. Nilifungua mlango nikadondokea barazani. Yule mama alinitukana matusi ya heshima, yale yanayoanza na "mwanangu." Mwanangu unataka nikupeleke Tanga kwenye boksi? Mwanangu mama yako nimwambie nini? Hewa ya mkaa haina rangi haina harufu, unalala nayo vizuri kabisa afu huamki, na kila kipupwe watu wanaondoka hivyo, familia nzima wakati mwingine. Kesho yake akamwita na Mfini akamweka kikao. Mfini akasema kwao sheria inataka kila nyumba iwe na king'ora cha moshi. Mama akasema hapa king'ora ni mimi.

Toka siku hiyo akatuchukua kama watoto wake wawili wajinga. Akatufundisha kuota jua. Mi kwetu jua linakimbiwa, unatafuta mwembe, hapa ikifika saa nne asubuhi unabeba kigoda unatoka nje unalifuata. Saa sita linakuwa tamu kabisa, nyuzi 20 na kitu, na ndani bado friji. Maisha yote yanahamia nje, mama anachambua njegere nje, mtoto anafanya homwek nje, ofisini kwetu ukitaka saini ya bosi saa tano unampata kwenye maegesho kaegemea gari upande wa jua. Mfini ndo alichelewa kuelewa, alikuwa anajifungia ndani akijua ndo kwenye joto, mazoea ya kwao. Tulivyomtoa akakaa kwenye ukuta wa mashariki na kikombe cha chai ya tangawizi, hakuongea nusu saa nzima.

Jumamosi tukaenda Mwanjelwa kwenye mitumba. Na hapo ndo nilijua mtu wa baridi ni mtu wa baridi. Mi naokota jaketi kwa rangi, yeye anaminya, ananusa, anavuta zipu mpaka mwisho na kurudi, anaingiza mkono kwenye kikwapa kutafuta mshono, mithili ya mama anachagua nyanya. Nikakamata jaketi moja zuri jeusi, akalirudisha, "hii ni ya kupiga picha." Akanichagulia la kijani baya, zito, kola inafika masikioni. Muuzaji kaanza elfu arobaini na tano, Mfini katulia tu, kamwambia kaka, bitana imechanika hapa na hapa, mwisho elfu kumi na nane. Akaniambia pia soksi nisivae mbili za kubana, damu haipiti, bora moja ya sufu, na fulana lazima ichomekwe kwenye suruali hata kama unaonekana mshamba. Nimechomeka. Naonekana mshamba. Sisikii baridi.

Julai tulienda Kitulo. Watu wanapaita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua, hifadhi toka 2005, ila maua ni wakati wa mvua, sisi tulienda kiangazi kwa hiyo ua hata la dawa hatukuliona. Tulipandia Chimala, ile barabara ya Hamsini na Saba, kona zimehesabiwa na jina ni hesabu yenyewe, dereva anakata kona mi nasoma dua. Tukalala Matamba, alfajiri tukaingia juu kule mita 2,600, na nyasi zote nyeupe. Sakitu, yaani umande ulioganda. Niliinama nikazishika, zinavunjika kwa sauti kama unatafuna kaukau. Mfini kapiga magoti anacheka peke yake, anapiga video anawatumia kwao, huko ni majira ya joto watu wanaogelea ziwani, yeye yuko Afrika anawaonyesha barafu. Mi nikamtumia mama.

Mama akajibu, "hiyo chumvi mmemwaga ya nini?"

Na ndo anakuja sasa, mwezi wa nane, kuniangalia na kuona Nanenane pale Uyole. Ya mafuta bado hajanisamehe, anakuja na chupa nyingine, eti anataka aone kwa macho yake. Nimemwambia mama beba sweta, beba soksi, beba lile blanketi zito la kabatini. Kanijibu kabeba kanga mbili na ndala mpya, blanketi la nini, kwani Mbeya siyo Tanzania hii hii? Jana Mfini kaninong'oneza nimpe saizi ya mama ya jaketi, Jumamosi anaenda Mwanjelwa.