Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya wajawazito, Tanga

Saa 11:30 alfajiri
Uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, watoto kuoga, mmoja hajui soksi yake iko wapi. Kama kila nyumba.

Saa 1:30 asubuhi
Benchi limeshajaa. Kabla ya mizani na kadi huwa tunatoa somo fupi, na leo nimeamua kuongelea chakula cha mjamzito na pumu ya mtoto, maana swali la kama anachokula mama kinamletea mtoto pumu haliishi.

Naanza kwa kuuliza: nani kakatazwa kula kitu tangu apate mimba? Wanacheka kwanza, kisha mikono inapanda. Mayai, mtoto atazaliwa hana nywele. Hilo tumekua nalo. Ila siku hizi kuna katazo jipya linalokuja kwa simu: usile karanga wala maziwa, mtoto atapata aleji, yaani mzio.

Kinachonichekesha ni kwamba hili la karanga halikutungwa na bibi yeyote. Lilitoka kwa madaktari. Mwaka 1998 Uingereza iliwashauri wajawazito wa familia zenye mzio au pumu wajiepushe na karanga ikiwa wanataka, na mwaka 2000 Marekani nayo ikashauri hivyo kwa familia kama hizo. Ushahidi wa kwamba inasaidia haukupatikana. Marekani ikaachana na ushauri huo 2008, Uingereza 2009. Mwaka 2015 ukatoka utafiti uliofanyika London chini ya Profesa Gideon Lack, kwa watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa. Waliolishwa vyakula vya karanga tangu uchanga, walipofika miaka 5 wenye mzio wa karanga walikuwa kama 3 katika kila 100. Walionyimwa, 17. Huo ulihusu mtoto mwenyewe, si mimba, lakini uliwafanya wataalamu waache kuiogopa karanga. Huko walikoanza wameshafuta, huku WhatsApp bado inasambaza.

"Kwa hiyo tule?" anauliza mmoja wa nyuma.
"Kuleni. Ila asiyepatana na karanga yeye mwenyewe, anayevimba midomo au kuwashwa mwili akila, huyo aache."

Naongeza la sumukuvu. Karanga zilizosinyaa, chungu au zenye ukungu zitupwe, na kuzikaanga hakuondoi sumu yote. Hapo hakuna aliyecheka.

Saa 3:00 asubuhi
Mizani, presha, mkojo, damu. Dada mmoja kafunga kitu kwenye pindo la khanga, nikimwangalia anakificha. Pemba. Namwambia atoe tu, simgombezi, wengi wanakula udongo huo na mara nyingi damu inakuwa chini. Tunapima, kweli iko chini.

Saa 4:20 asubuhi
Anaingia mama kijacho wa mimba ya pili, wiki ya 25, kaongozana na mama mkwe wake. Mtoto wa kwanza ana pumu ya ngozi tangu mchanga, na sasa kifua kinambana usiku.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Huyu mimi ndiye ninayemwangalia chakula. Ile mimba ya kwanza alikula kila kitu, umeona mtoto alivyo."

Namuuliza binti jana kala nini. Anamwangalia mkwewe kwanza. Chai ya rangi na muhogo, mchana ugali na mchicha, usiku ugali uliobaki. Samaki? Hapana. Mayai, maziwa, karanga? Hapana. Wingi wa damu 9.6, na mjamzito tunataka asipungue 11. Utepe wa kupimia unene wa mkono unazunguka kirahisi mno.

Mama mkwe humbishii mbele ya mkwewe, utampoteza yeye na mgonjwa. Namsogezea kiti nakaa naye uso kwa uso. Namwambia hofu yake ina msingi, kwa sababu pumu na mzio vinatembea kwenye familia, na mtoto wa pili naye anaweza kupata. Lakini watafiti waliokusanya majaribio ya akina mama walionyimwa mayai na maziwa wakiwa wajawazito hawakuona kwamba watoto wao walikingwa. Walichokiona ni akina mama wenyewe kutoongezeka uzito kama wenzao.

"Sasa nimkinge na nini?"
"Mnapikia nini mama?"
"Kuni asubuhi, mkaa jioni. Humo humo ndani, mvua."
"Na sigara?"
Kimya. Kisha binti anajibu kwa sauti ndogo: "Baba wa mtoto."

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote. Moshi wa sigara kwa mjamzito, hata wa mtu mwingine, una ushahidi mzito wa kuharibu mapafu ya mtoto aliye tumboni, na wa jiko nao si wa kuufungia ndani. Jiko litoke uani, dirisha lifunguliwe, baba akavutie mbali na nyumba, kama kuacha hawezi. Mama mkwe akaniambia nimwambie mwenyewe. Nimemwomba aje naye hudhurio lijalo.

Vidonge vya madini chuma ameandikiwa. Nimemsisitizia asivimeze na chai, ameze na maji, chungwa lifuate. Machungwa ya Muheza yamejaa mjini, hana kisingizio.

Saa 7:00 mchana
Chai na mihogo chumba cha wafanyakazi. Mfamasia wetu kijana anatetea vidonge vya mafuta ya samaki, kasoma utafiti wa Denmark wa 2016. Nami nimeusoma. Wajawazito 736, nusu yao wakipewa gramu 2.4 za mafuta hayo kila siku kuanzia kama wiki ya 24. Watoto waliopata pumu au kifua cha kukoroma mara kwa mara walikuwa asilimia 16.9, na wa kundi la pili 23.7. Si haba. Ila waliofaidika hasa ni wale ambao mama zao walikuwa na upungufu wa mafuta hayo mwilini tangu mwanzo. Na kiwango kile ni kikubwa.

"Sasa si ndiyo wanunue?"
"Kwa hela ipi, Dokta? Huyu wa leo hajaruhusiwa hata dagaa."

Vitamini D nayo ilileta matumaini Marekani watoto walipokuwa na miaka 3, walipofika 6 tofauti haikuonekana. Ndiyo maana simwambii mama kwamba chakula fulani ni kinga ya pumu. Namwambia samaki atamjenga yeye na ubongo wa mtoto, na kifua kikifaidika tutashukuru.

Saa 10:00 jioni
Napitia soko la samaki la Deep Sea. Muuzaji ananifunulia mashavu ya kibua, mekundu, macho bado yanang'aa. Nanunua fungu la vibua na dagaa kidogo. Papa na nduaro nawaacha. Samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki, na hao ndio ninaowaambia wajawazito wapunguze.

Saa 1:15 usiku
Simu. Mama mkwe.

"Mwanangu, nimefikiri. Samaki sawa. Mayai sawa, kama yameiva vizuri."
"Yaive kabisa mama. Na maziwa yachemke."
"Maziwa nitampa. Karanga bado."
"Haya mama, karanga tutaongea hudhurio lijalo. Na jiko?"
"Limeshatoka nje. Huyo wa sigara ndiye anayenuna."
"Mpe simu."
Akampa.