Doria ya Kuni

Mtoto wa kaka yangu, yule aliyekataa chuo akakimbilia jeshini, amepangiwa kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye kikosi chetu kilichoko Berberati chini ya MINUSCA, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani huko. Juzi usiku akanipigia. Nilitegemea aulize habari za posho, maana wote huanzia hapo. Yeye akauliza, "Shangazi, ukitoa gwaride na kofia ya bluu, huko mtu anafanya kazi gani hasa?"

Nikamjibu bila kufikiri: tulikuwa tunasindikiza wanawake kwenda kuni. Akacheka. Alidhani namtania.

Basi usingizi ukaniishia hapo hapo, na Khor Abeche ikaja yote.

Ni Darfur Kusini, magharibi mwa Sudan, kaskazini-mashariki ya mji wa Nyala. Mwanzoni mwa 2013, kiangazi kikavu. UNAMID, ile misheni iliyoundwa mwaka 2007 na Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika kwa pamoja, ilikuwa na kituo pale, na tuliokikalia ni sisi Watanzania. Nje ya seng'enge yetu kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa ndani. Vita ilikuwa inatimiza miaka kumi. Vijiji vimechomwa, mashamba yameachwa, watu wamejibana pale walipoona bendera. Sasa watu wengi wakikaa mahali pamoja miaka mingi, wakipika kila siku, miti huisha. Ya karibu iliisha kabla hatujafika. Kuni zikawa mbali, na kila msimu mbali zaidi. Wanaume hawakwenda, kwa kuwa wakikutwa porini waliuawa. Walikwenda wanawake, na wao pia walijua vizuri wangefanywa nini wakikutwa. Hesabu hiyo ilipigwa kila alfajiri kwenye vibanda vile, kimya kimya, na hakuna aliyeishangaa.

Ndipo ikawepo doria ya kuni. Siku zilizopangwa wanawake wanatoka na punda wao, nasi tunawafuata na magari ya deraya. (Kichekesho, kwa mwenye moyo wa kucheka: mjini Nyala na Al-Fashir, matofali ya kujengea ofisi na nyumba za watu waliokuja kusaidia nayo yalichomwa kwa miti ya Darfur.) Deraya halikuundwa kwa mwendo wa punda. Injini inachemka, dereva anatukana chini chini, vumbi lote la mbele linakuingia wewe. Lakini wanawake ndio waliojua njia, kwa hiyo wao ndio waliotuongoza, na mbele yao wote alikuwa Sheikha.

Kila kambi ilikuwa na masheikha wake, wanawake wanaosemea wanawake wenzao. Huyu wetu alikuwa mrefu, mkavu, tobe lake amelikaza kiunoni, shoka begani. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Siku hiyo tulifika kwenye wadi, mto uliokauka, wenye miti iliyosalia upande wa pili. Wanawake wakatawanyika, shoka zikaanza kulia. Mimi nilikuwa chini. Askari wa kike tulitakiwa kukaa karibu nao. Ghafla mwenzangu mmoja akapiga mluzi. Juu ya ukingo walikuwepo wapanda ngamia watatu, bunduki mgongoni. Wamesimama tu.

Shoka zilinyamaza moja baada ya nyingine. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: lile la mwisho, lililoendelea kugonga peke yake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameupa ukingo mgongo na hajaona kitu. Ko. Ko. Ko. Kisha naye akageuka.

Luteni wetu, mdogo kwangu kiumri, akanyoosha mkono. Mtutu wa rashasha juu ya deraya ukageuka polepole. Amri tulizijua kwa moyo. Mamlaka yetu yalikuwa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa: raia akikabiliwa na hatari ya wazi, nguvu inaruhusiwa. Lakini mtu aliyekaa juu ya ngamia wake na kutazama, ni hatari ya wazi huyo? Karatasi haikufika huko. Luteni akaninong'oneza, "Koplo, raia wote nyuma ya gari."

Nikageuka kuwaita, nikamwona Sheikha anakuja upande wetu. Nikadhani anakuja kujikinga. Akatupita kama tunavyozipita nguzo za umeme. Shoka ameliacha chini, mkononi ana dumu la maji. Akaupanda ukingo, akasimama chini ya shingo ya ngamia wa mbele, akaanza kusema.

Mkalimani wetu, kijana wa Nyala, alikuwa amejibanza nyuma ya tairi.

"Anasemaje?" Luteni akauliza.

"Wanasalimiana, afande."

Tukangoja. Jasho linanishuka ndani ya fulana ya kuzuia risasi. Nzi mmoja alikuwa anatembea kwenye kioo cha miwani yangu na sikuthubutu kuinua mkono.

"Bado tu?"

"Bado, afande. Hawajafika kwenye mifugo."

Kiarabu changu ni cha madrasa, na cha Darfur hakifanani nacho sana, ila nilimsikia Sheikha akimtaja mama wa yule kijana, nikamwona kijana anainamisha uso. Akamlaza ngamia, akashuka. Akalipokea dumu kwa mikono miwili, akanywa, akalirudisha. Mtutu wetu ulikuwa umemwelekea kifuani muda wote huo. Hakugeuka kutuangalia hata mara moja, na nina hakika alijua tulipo.

Kisha wakaondoka. Sheikha akateremka, akaokota shoka lake, akaendelea pale alipoishia. Jioni Luteni akaandika ripoti ya doria. Niliisoma begani mwake: Hakuna tukio.

Baada ya siku kadhaa nilimuuliza Sheikha kule kisimani, mkalimani akiwa kati yetu. Akasema kabla ya vita mifugo ya watu wa yule kijana ilikuwa inakuja kwenye shamba lake kila baada ya mavuno, inakula mabua ya mtama na kuacha samadi. Wakulima na wafugaji wengi wa Darfur waliishi hivyo, mpaka serikali ilipowapa wanamgambo silaha ili wapigane na waasi. Nikamuuliza: siku kijiji chenu kilipochomwa, alikuwemo? Mkalimani akanitazama tu, hakutafsiri. Sheikha alikuwa ameshaelewa. Akaniuliza mimi narudi lini kwetu, na hao watakaokuja baada yetu watakubali kwenda mbele ya ule wadi, maana miti ya pale imebaki michache.

Yaliyofuata nyote mmeyasikia. Nilikuwa nimesharudi nyumbani tarehe 13 Julai 2013, wenzetu saba walipouawa kwa kuviziwa njiani, magharibi ya Khor Abeche. Machi 2014 kambi ile ilivamiwa ikachomwa, na maelfu ya watu wakakimbilia ndani ya kituo. Kwa hiyo mtu asiniambie seng'enge ile haikuwa na maana. UNAMID ikamaliza kazi Desemba 31, 2020. Aprili 2023 Sudan ikawaka upya, na Oktoba 2025 Al-Fashir, palipokuwa makao makuu ya misheni, ikaangukia mikononi mwa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan. Miradi tuliyoikabidhi kwa utepe na picha bado inatajwa kwenye hotuba zetu. Sheikha hatajwi popote.

Yule Luteni sasa ana cheo kikubwa na tumbo la kufanana nacho. Tukikutana kwenye harusi za watoto wa wenzetu, ubishi ni ule ule. Yeye anashikilia kwamba bila rashasha yule kijana asingeshuka. Mimi namwambia alishuka kwa sababu ya mama yake. Anauliza nimejuaje, na hapo ananibana, kwa sababu wapo wanawake waliokwenda kuni bila sisi na salamu hazikuwafaa kitu. Hilo silisemi mbele yake, atajiona ameshinda.

Lakini na mimi nina langu la kumbana. Amri ilikuwa raia wote nyuma ya gari. Sheikha alipita hatua mbili kutoka kwake. Kwa nini hakumzuia?

Kila nikimuuliza hivyo, anamwita mhudumu na kuagiza soda nyingine.